Sentimita Themanini na Mbili

Watu wakinisikia nikimlalamikia mume wangu huniangalia kwa jicho la "huyu mama hajui alichonacho." Hanywi. Hagombani na mtu. Madaraja manne makubwa ya upande huu yana saini yake. Mtaani wanamwita Mhandisi, kazini wanamwita Mhandisi, hata marehemu mama yangu alimwita hivyo mpaka siku ya mwisho, na mimi nikishikwa na hasira namwita hivyo hivyo. Hebu waje wakae naye wiki moja, ndipo tuzungumze.

Ukimwuliza mtu huyu swali, anafikiri kwanza. Si kufikiri kwenu ninyi. Unaweza kumwuliza kama atakunywa chai, ukatoka kwenda kuanika nguo, ukarudi na beseni tupu, ukakuta ndiyo kwanza anafungua mdomo. Na jibu lenyewe ni "Sawa." Chai, sawa. Wageni wanakuja, sawa. Umehamishiwa upande mwingine wa nchi na wiki ijayo unaondoka, sawa. Miaka ishirini na miwili nimeishi na neno hilo moja, na jamani, limenichosha kuliko kelele za mtu mlevi. Mlevi angalau unajua anachotaka.

Tulikutana kazini. Mimi nilikuwa mchora ramani katika kitengo cha madaraja, na mkono wangu ulikuwa unasifiwa ghorofa zote tatu. Najisifu kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kunisifu. Enzi hizo tulichora kwa mkono, na kwenye kona ya chini ya kila mchoro palikuwa na visanduku vitatu: Amechora, Amekagua, Ameidhinisha. Cha kwanza kilikuwa changu, cha katikati chake, cha tatu cha mkubwa wetu. Sheria ilikuwa moja na haikuwa na mjadala. Aliyechora hajikagui, na mchoro ambao kisanduku cha katikati kiko wazi si mchoro, ni karatasi. Hakuna fundi aliyeruhusiwa kuchimba hata shimo la nguzo kwa karatasi kama hiyo.

Mchoro wangu wa kwanza aliurudisha mara kumi na moja. Ile mara ya kumi na moja kosa lilikuwa mstari mmoja, urefu wa kidole, ambao angeweza kuuongeza mwenyewe kwa penseli aliyokuwa ameichomeka sikioni. Nikapanda ngazi na karatasi yangu, damu inanichemka, nikamwuliza kwa nini asiuweke yeye yaishe. Akafikiri mpaka nikabadilisha mguu wa kusimamia.

"Mkaguzi hachori," akasema. "Akichora, nani atamkagua?"

Akanirudishia. Nikashuka huku namlaani kimoyomoyo, nikachora mstari wangu, na baada ya miezi minane nikaolewa naye. Msiniulize ilikuwaje, hata mimi sijui vizuri.

Tulipohamia nyumba hii, kabla hata ya rangi, alinisimamisha jikoni akaniambia nikunje mkono. Akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko changu, akatoa sentimita anazojua mwenyewe, akamwagiza fundi ajenge meza ya jiko kimo cha sentimita themanini na mbili. Mimi ni mfupi. Yeye ni mrefu wa kugonga taa kwa paji la uso. Mpaka leo akiosha vyombo hukunjika kama mtu anayetafuta sindano chini, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Wanawake wengine waliimbiwa, waliandikiwa barua. Mimi nilipimwa kiwiko, nikaridhika.

Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, Mhandisi alikuwa amepelekwa saiti ya mbali, tukakubaliana niache kazi miaka miwili tu. Miwili ikawa kumi na tisa. Hakuna aliyenifungia mlango, nasema kweli. Ila ile hamu iliyokuwa ikiniwasha vidoleni haikuacha kuniwasha, na kwa kuwa sikuwa na pa kuipeleka, nikaipeleka kwake. Nikafunga kibwebwe. Barua zake za kuomba cheo niliandika mimi. Ripoti zake nilipitia mimi, juu ya meza ya kulia chakula, na kalamu nyekundu, na mara mbili nilikamata makosa ya hesabu ambayo yangemwaibisha mbele ya watu. Wakurugenzi walipokuja kula, niliyewachekea utani wao usiochekesha ni mimi. Kila ngazi aliyopanda nilikuwa nyuma yake, mikono yote miwili mgongoni mwake, nasukuma. Naye alipanda. Sawa, sawa, sawa, mpaka akawa mkuu wa kitengo.

Mwaka huu Mhandisi Mkuu anastaafu. Nilipopata habari nilikaa kwenye ukingo wa kitanda moyo unanidunda kama ni mimi ninayeitwa. Siku ile ile nikaandika barua ya maombi, nikamwekea mbele na kalamu juu yake. Akaisoma yote, akarekebisha mkato mmoja, akatia saini. Alipoitwa kwenye usaili, siku ikapangwa Alhamisi, nikamnunulia suti.

Sasa ndipo dada yangu anapoingia, maana hakuna jambo la kwangu asiloingia. Dada ni fundi cherehani, na kwa kuwa watu humwambia siri zao wakiwa wamesimama na pini kiunoni, anajiona mtaalamu wa ndoa za mji mzima. Kwa miezi sasa alikuwa akiniuliza kwa nini shemeji yake hatulii nyumbani Jumamosi. Ni kweli alikuwa hatulii. Alikuwa anatoka asubuhi na tepu ya kupimia mfukoni, anarudi saa nane viatu vina udongo mwekundu, na ukimwuliza alikuwa wapi, anafikiri, anasema, "Nilikuwa natembea." Dada alisema mwanamume hatembei na tepu. Nilimwambia huyu wangu hata msikitini au kanisani angeingia nayo. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia.

Jumatatu ya wiki ya usaili, Dada alikuja kuongeza urefu wa suruali ya suti, maana hakuna suti inayomfika yule mtu kifundoni. Yeye akakaa na sindano, mimi nikapanda kwenye kiti kutafuta vyeti vya Mhandisi juu ya kabati. Nyuma ya masanduku nikagusa lile bomba la plastiki la kuhifadhia michoro. La zamani, la kwangu, nililotoka nalo kazini. Nikalifungua kwa kutamani tu kunusa ile harufu ya karatasi. Ndani kulikuwa na mchoro mmoja.

Ulikuwa mchoro wa nyumba. Mita sita kwa nne, chumba kimoja, choo, jiko dogo pembeni, na meza kubwa ya kazi ya seremala chini ya dirisha. Umechorwa kwa mkono, kwa penseli, na mkono ule wa Mhandisi ningeutambua hata gizani. Dada akaacha suruali, akaja kuchungulia begani mwangu, akapiga kofi la paja.

"Nilikwambia, mdogo wangu. Anamjengea mwanamke."

Nikaketi palepale juu ya kiti nilichokuwa nimesimamia. Dada tayari alikuwa anapanga: tutamfuatilia Jumamosi, tutamkamata, atamjua Dada ni nani. Na mimi nikiwa katikati ya kutaka kulia, macho yangu yakaanza kufanya kazi yake ya zamani bila kuniomba ruhusa. Yakasoma vipimo. Kitanda, upana sentimita tisini. Rafu ya juu, mita mbili na sentimita kumi. Meza ya jiko, kimo sentimita tisini na nane.

Nikamwambia Dada ajaribu kumfikiria mwanamke anayekatia vitunguu kwenye sentimita tisini na nane. Angekuwa twiga. Hakukuwa na kioo mahali popote, hakukuwa na ndoano ya pili ya taulo. Kiti kilikuwa kimoja. Nyumba ile haikuwa ya mwanamke yeyote. Ilikuwa ya mtu mmoja mrefu anayetaka kukaa peke yake.

Dada akapumua, akasema basi ashukuriwe Mungu, akarudi kwenye suruali yake. Yeye aliona jambo limekwisha. Mimi ndiyo kwanza lilikuwa linanianza. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ningepiga kelele, ningeita wazee, ningerudisha pete, kuna utaratibu. Sasa mume akimtamani mtu ambaye ni yeye mwenyewe, unamshtaki kwa nani?

Nikamwomba Dada aende, nikabaki na karatasi. Pembeni mwa ule mchoro, kama desturi, kulikuwa na jedwali la marekebisho. Kila mchora ramani anajua: ukibadilisha kitu chochote, unaandika ulichobadilisha na tarehe. Hakuna anayeacha kuandika, hata akichora banda la kuku. Mchoro ulikuwa na umri wa miaka miwili na miezi minne, na marekebisho tisa.

La kwanza: chumba cha pili kimeondolewa. Nikatazama tarehe, nikaenda kuchukua kalenda zangu za ukutani, ambazo huwa situpi kwa sababu naziandikia kila kitu. Ilikuwa siku moja baada ya kupandishwa kuwa mkuu wa kitengo. La tatu: kitanda kimepunguzwa kutoka mia moja na hamsini hadi tisini. Hiyo ilikuwa wiki niliyomwambia kwamba akishindwa kusema kwenye mikutano basi atazeeka anapima makalavati ya chini ya barabara. La nne: kiti cha pili kimeondolewa. Kalenda ilisema "Wageni, wakurugenzi, watu wanane." Siku ile nilisema mbele ya wote, kwa mzaha, kwamba bila mimi Mhandisi angekuwa bado amekaa saiti anahesabu kokoto. Watu walicheka sana. Naye alicheka.

Nikaendelea kushuka na kidole. Kila rekebisho lilikuwa na siku yake, na kila siku nilikuwepo. Mtu hakuninunia hata mara moja. Hakufoka, hakupiga mlango. Alinyamaza, akaenda kufuta kipande cha nyumba.

La tisa na la mwisho lilikuwa la wiki tatu zilizopita, kesho yake baada ya ile barua ya maombi. Liliandikwa kwa herufi zake ndogo zilizonyooka: kimo cha meza ya jiko kimebadilishwa kutoka 82 kuwa 98.

Hapo ndipo nilipolia. Kumbe muda wote huo, chumba kimeondoka, kitanda kimepungua, kiti hakipo, lakini meza ilikuwa bado inasubiri kiwiko changu. Miaka miwili na zaidi. Mpaka nilipomwekea kalamu juu ya barua.

Aliporudi jioni nilikuwa nimeutandaza mchoro mezani, nimeukandamiza kwa vikombe vinne. Akauona, akavua viatu, akavipanga, akaja akaketi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya saa nzima. Nikajikuta nimeyatoa yote kwa dakika mbili, nyumba gani, toka lini, nimekukosea nini, na kama nimekukosea mdomo huna? Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya chini, kwenye visanduku vitatu. Cha kwanza kilikuwa na saini yake. Cha katikati kilikuwa kitupu.

"Haijakaguliwa," akasema. "Ni karatasi tu."

Nilitaka kumpiga na kikombe. Nikamwuliza, kwa hiyo miaka miwili hajajenga kwa sababu hana mkaguzi? Akasema viwanja ameshaangalia, vipo, lakini hawezi kujenga kitu kisichokaguliwa, na mtu wa kumpa hakuwa naye. Nikamwuliza, katika dunia nzima? Akasema mkono wake unajulikana na mtu mmoja tu anayeweza kumwambia kosa bila kumwonea haya, na mtu huyo ni mimi, na mimi ndiye ambaye hawezi kunipa. Nikauliza, nikiweka saini, utahamia? Akafikiri. Chai iliingia utandu huku anafikiri.

"Ningejua siku utakayoweka."

Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Nikaona niulize kitu kimoja ambacho kwa maisha yangu yote sikuwahi kukiuliza, kwa sababu niliona jibu liko wazi. Nikamwuliza kama anautaka ukuu huo au hautaki.

"Siutaki," akasema, na safari hii hakufikiri hata kidogo.

"Ungesema!"

"Hukuniuliza. Uliniambia."

Nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza, "Nilikuwa nautaka mimi. Kile kiti nilikitaka mimi, wewe nilikutuma tu ukakikalie." Mhandisi akasema alikuwa anajua. Alijua tangu zile ripoti. Alifikiri angenipa hicho kitu mpaka niridhike, kisha angepumzika, na kila alipofika ngazi fulani aliona nimeshaangalia ya juu yake.

Alhamisi hakuvaa suti. Alivaa shati lake la saiti, akaenda kuondoa jina lake. Mimi nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikapanda gari pamoja naye, na tulipofika hakuniuliza naenda wapi. Nikapanda ngazi mpaka kitengo cha uchoraji. Mkuu wa pale ni mwanamke niliyewahi kukaa naye meza moja, ambaye siku hizo alikuwa akiniazima kifutio. Nikameza fahari yangu, nikamwomba kazi. Aliniambia wazi kwamba sasa kila kitu ni kompyuta na nitaaibika miezi ya mwanzo. Lakini wana chumba kizima cha michoro ya zamani ya mkono ambayo vijana wake hawawezi kuisoma. Nianze Jumatatu, kwa mkataba wa muda, mshahara wa mtu anayeanza. Nikakubali kabla hajamaliza.

Jumapili kabla ya kuanza kazi nilikaa mezani na kalamu nyekundu, nikakagua nyumba ya mume wangu. Dada alinipigia, nikamwambia ninachofanya, akasema nimerukwa na akili, nichane karatasi hiyo niichome moto. Nilifikiria kuichana. Lakini sitaki mume anayekaa na mimi kwa sababu tu karatasi yake imekosa saini. Kama anakwenda, aende kwa nyumba isiyomwangukia. Nilipata makosa kumi na manne. Mlango wa choo unagonga beseni. Maji ya paa yanamwagika kizingitini. Dirisha la meza ya kazi liko upande ambao atajitilia kivuli chake mwenyewe, na huyu ndiye anayejiita mhandisi. Nikaandika yote. Kuhusu kiti na kitanda sikuandika kitu, na kuhusu meza ya jiko pia sikuandika, maana mtu mrefu kujichorea meza ndefu si kosa la uchoraji. Juu nikaandika "Irudiwe," nikamwachia.

Wiki mbili zikapita. Mimi nikawa narudi na maumivu ya shingo na aibu za kompyuta, yeye anapika, amejikunja kwenye meza yangu ya themanini na mbili. Hatukuzungumza juu ya nyumba. Mara moja tu aliniuliza siku yangu ilikuwaje, akasubiri jibu lote, na nilimwambia mpaka akaacha kukoroga.

Juzi Jumamosi hakutoka na tepu. Nilipotoka kuoga nikakuta mchoro umewekwa mezani, umekandamizwa kwa vikombe vinne kama nilivyofanya mimi. Nikavaa miwani, nikaenda moja kwa moja kwenye jedwali. Rekebisho la kumi: makosa kumi na manne yamesahihishwa. Nikakagua moja moja, na kweli yalikuwa yamesahihishwa, mpaka dirisha. Kisha chini yake, rekebisho la kumi na moja. Herufi zile zile ndogo: "Meza ya jiko, 82 au 98? Inasubiri uamuzi wa mkaguzi." Na kwenye mchoro wenyewe, mahali pa namba ile, alikuwa amefuta akaacha pengo.

Loo, nilipandwa na hasira! Miaka ishirini na miwili, watoto wawili wakubwa, mtu anashindwa kuniambia neno moja kwa mdomo wake, ananiandikia kama anayeomba kibali cha kalavati. Alikuwa chumba cha pili, mlango umefunguka nusu, na nilijua amekaa anasikiliza. Ningeweza kuandika themanini na mbili. Ilikuwa namba mbili tu, na kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Nikaandika chini ya swali lake, kwa wino mwekundu, herufi kubwa: "Mkaguzi hachori." Nikabeba karatasi, nikaenda nikamwekea mapajani, nikarudi jikoni kuosha vikombe.

Alifikiri. Nilimaliza kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa nasuuza cha nne nikasikia anavuta droo anakoweka penseli.